Mapishi ya Kihindi Yalivyofika Mapendo, na Vyombo Vilivyobaki Njiani

Mapendo, mtaa wa Goma unaopakana na biashara zote za Birere na usio mbali na Petite Barrière, kituo cha mpaka cha kuvukia Gisenyi nchini Rwanda, huuza chapati toka alfajiri mpaka usiku, na hakuna anayeiita chakula cha wageni. Muuzaji si Mhindi. Aliyemfundisha hakuwa Mhindi. Wengi wanaoisukuma hawajawahi kuingia jikoni kwa Mhindi hata siku moja, na pale ambapo kibao na mti wa kusukumia havipo, chupa tupu ya bia ya Primus hufanya kazi ileile bila malalamiko. Sambusa ziko kwenye ndoo yenye mfuniko, chai ya tangausi iko kwenye chupa ya moto, na mchana kukiwa na harusi kuna pilau. Chakula kimefika kamili, lakini wapishi wake wa kwanza hawakuja nacho.

Jiko la Kihindi lina vyombo vingi mno. Kuna tava, yaani chuma bapa chenye kabonde kidogo katikati. Kuna kibao cha duara na mti wake, koleo la kugeuzia mkate juu ya moto, karahi ya kukaangia, chungu cha kupikia kwa mvuke, jiwe la kusagia viungo, kopo la chuma lenye vikopo saba ndani yake kwa ajili ya masala, tanuri la udongo la tandoor, sahani za mashimo za kuivishia idli, na tangu katikati ya karne iliyopita, sufuria ya presha. Ni vichache vilivyovuka bahari na kupanda bara hadi ziwa Kivu. Watu wakiulizwa sababu husema ladha: tulipenda hiki, hatukupenda kile. Sikubali. Ladha hufuata baadaye. Kinachoamua kwanza ni moto ulionao na chuma ulichonacho, na chakula kilichofika Mapendo ni kile kilichokubali mbabula moja, yaani jiko la mkaa ambao kwetu huitwa makala, na bamba moja la chuma.

Kwanza, India ipi? Neno "Kihindi" linafunika bara zima. Kusini, kwa Watamili, chakula ni mchele na dengu zilizolowekwa, zikasagwa mbichi, zikachachushwa usiku kucha. Kaskazini, Punjab, ni ngano. Magharibi, Gujarat na Kutch, ni ngano, mtama, dengu na vikaango vya unga wa dengu. Wahindi waliokuja pwani ya Afrika Mashariki kufanya biashara walitoka hasa Kutch na Gujarat, na waliokuja kujenga reli walitoka kwa wingi Punjab. Ndiyo maana tuna bajia, sambusa, chapati na kachumbari ya achari, na ndiyo maana dosa na idli, ambazo India ya kusini haiwezi kuamka bila hizo, bado zinahitaji kuelezwa kwa mtu wa Goma au wa Tabora. Hatukuzikataa. Hazikuletwa.

Njia yenyewe inajulikana. Misafara ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, iliyoingia Manyema katika karne ya 19 iliendeshwa kwa mtaji wa wafanyabiashara wa Unguja, na mkubwa wao alikuwa Taria Topan, Mhindi. Fedha ya Kihindi ilifika Kasongo, mji wa Manyema, kabla ya mkate wa Kihindi. Kilichoingia Manyema na watu wa pwani ni mchele, na mpaka leo Maniema hulima mpunga. Baadaye Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyefika Unguja akiwa kijana mdogo, alitandaza maduka kwenye njia za misafara na kisha kandokando ya reli. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kwa mikono ya vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Hao walipaswa kulishwa, na posho yao ilikuwa unga wa ngano, mchele, dengu na samli. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha, karibu 2,500 walikufa, na wasiozidi 7,000 wakabaki. Unga ulibaki pia. Mwaka 1908 Lord Delamere alianzisha kampuni ya Unga nchini Kenya, na kutoka hapo unga mweupe wa kinu cha mashine haukuwa tena chakula cha Mhindi na Mzungu peke yao. Ulipanda na reli hadi Kisumu, kisha Kampala, kisha ukaendelea na malori hadi Bunagana na Goma. Leo mifuko inayofunguliwa Birere hutoka Rwanda na Uganda, na kila mpaka wa Bunagana unapofungwa au kubadilisha mwenyewe, kama ilivyotokea Juni 2022 waasi wa M23 walipouteka, wenye bamba la chapati hujua mapema kuliko wasikilizaji wa redio.

Hapa kuna jambo linaloudhi nadharia rahisi ya kwamba chakula huletwa na wenyewe. Wahindi wamekuwako Kongo Mashariki. Kulikuwa na maduka yao Kivu, mpaka Rais Mobutu alipotangaza Zaïrianisation tarehe 30 Novemba 1973 na biashara za Wagiriki, Wareno na Waasia zikagawiwa kwa raia. Tena tangu katikati ya miaka ya 2000 majeshi ya India ndiyo yamekuwa uti wa mgongo wa kikosi cha Umoja wa Mataifa Kivu Kaskazini, pamoja na hospitali yao ya kijeshi hapa Goma; wenzao wa Pakistani walikuwa Kivu Kusini. Maelfu kwa maelfu ya wanaume wala-roti, zamu baada ya zamu, karibu miongo miwili. Wametuachia chakula gani? Ukitembea Mapendo huoni hata kimoja ambacho unaweza kusema kililetwa na kambi. Jeshi huja na wapishi wake, huletewa posho yake, na hula nyuma ya seng'enge. Mlango wa chakula ulikuwa barabara ya Mombasa, na aliyeupitisha ni dereva wa lori, mama wa kibanda, na kijana aliyekaa Kampala miaka miwili akarudi na ujuzi.

Sasa tuitazame chapati yenyewe, maana ndiyo imebadilika kuliko vyote na wengi hawajagundua.

Roti ya nyumbani Punjab au Gujarat hutengenezwa kwa atta, ngano nzima iliyosagwa kwa mawe. Jiwe huponda punje kwa nguvu na kuumiza wanga wake, na wanga ulioumia hunywa maji mengi. Donge linakuwa laini bila mafuta. Linasukumwa jembamba, linawekwa kwenye tava kavu, likipata madoa linahamishiwa juu ya moto wenyewe kwa koleo. Maji yaliyo ndani hugeuka mvuke na mkate huvimba kama mpira. Huliwa papo hapo. Mama husimama jikoni na kuwatupia waliokaa mmoja mmoja, naye hula mwisho. Ikikaa saa moja imekuwa ngozi.

Unga mweupe wa mashine haufanyi hivyo. Hauna pumba, haunywi maji mengi, na ukiupika mkavu hukakamaa upesi zaidi. Dawa yake ni mafuta, maji ya moto, na tabaka. Ndiyo kazi unayoiona Mapendo: donge linasukumwa, linapakwa mafuta, linakunjwa kama kamba, kamba inazungushwa kama konokono, konokono analazwa kidogo, kisha anasukumwa tena. Kila mzunguko wa mafuta unatenganisha tabaka na tabaka, na bambani mvuke unajipenyeza kati yake. Mhindi akiiona hii hataiita chapati. Kwake hii ni jamaa wa paratha, mkate wa safari na wa sikukuu. Sisi tumeufanya wa kila siku, kwa sababu yenye akili kabisa: chapati ya mafuta hukaa. Iliyopikwa saa kumi na mbili asubuhi bado inakunjika saa sita, na kitu kinachokunjika kinaweza kuuzwa. Mkate wa jikoni kwa mama umekuwa mkate wa barabarani, na katika kuhama huko umebadilisha pia mikono. Kule ni kazi ya wanawake nyumbani. Hapa, kama Kampala, vijana wa kiume wameishika. Waganda wakaenda mbele zaidi, wakaikunjia yai na nyanya na kuiita rolex, na mwaka 2016 wakaifanyia tamasha Kampala. Goma tunaila na yai vilevile, bila tamasha.

Bamba nalo lina siri zake. Tava nzuri ni nzito, kwa sababu uzito ndio unaotunza joto kila donge baridi linapotua. Mbabula ya makala haina kitasa cha kupunguza moto. Joto lake ni la kupanda na kushuka lenyewe, kwa hiyo chuma kinene kinafanya kazi ya kitasa. Muuzaji hodari hujulikana kwa namna anavyosogeza bamba pembeni, nusu juu ya makala nusu nje, na kuzungusha chapati ili kila upande upite kwenye joto. Hakufundishwa na kitabu. Karahi ilipita kwa urahisi huohuo: kitako chake cha mviringo hutulia kwenye mafiga, kwenye mbabula, kwenye mawe matatu ya volkeno, na hutumia mafuta machache kwa kina kirefu. Ikabadilishwa jina kidogo kuwa karai, ikaingia hata kwa mafundi ujenzi wanaobebea zege.

Kuna ufundi mmoja wa Kihindi uliopenya kimya zaidi. Lucknow na Hyderabad hupika biriani kwa kuziba mdomo wa chungu kwa donge la unga na kuweka makaa ya moto juu ya mfuniko, ili joto lije toka juu na chini kwa upole. Mwanamke wa pwani hufanya jambo hilohilo akipalia makaa juu ya sufuria ya pilau, na ujuzi huo umefuata mchele kokote Waswahili walikokwenda. Haukuhitaji chombo kipya. Ulihitaji makala tu, na makala yalikuwapo. Huu ndio ushahidi wangu mzuri kuliko yote: mpishi wa mfalme na mpishi wa harusi ya Mapendo wamekutana juu ya mfuniko, wakati tandoor, ambayo dunia nzima huifikiria ikitajwa India, haikuvuka.

Tandoor haikuvuka kwa sababu inakula. Ni tanuri la udongo linalotaka kuwashwa saa nzima kabla ya mkate wa kwanza na kuendelea kuwaka hadi wa mwisho. Huko Punjab kijijini lilikuwa la ujirani, kila mama akija na donge lake. Lilikuja kuenea migahawani baada ya mgawanyiko wa India wa 1947, pale wakimbizi wa Kipunjabi kama Kundan Lal Gujral wa Moti Mahal walipolihamishia Delhi na kuchomea kuku ndani yake. Pwani yetu inalo jamaa yake: mofa, tanuri la udongo ambalo mkate hubandikwa ukutani mwake kwa ndani. Hilo lilikuja na Wayemeni, likabaki Unguja, Mombasa na Lamu. Ukitafuta tandoor Goma utaitafuta hotelini, si mtaani.

Jiwe la kusagia ni habari ya kuchekesha zaidi. Goma imekaa juu ya lava iliyoganda. Mtiririko wa volkeno ya Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji hadi ziwani na kutuachia mawe ya kujengea nyumba, kuta, na barabara. Jiwe gumu lenye vinyweleo namna hii ndilo msagaji viungo angelitamani. Hata hivyo sijaona mtu anayesagia masala juu yake. Si uvivu. Jiwe huhitaji viungo vizima: bizari nzima, giligilani, iliki, pilipili manga, vikaangwe kidogo vitoe harufu kabla ya kusagwa. Kwetu viungo hufika vikiwa unga tayari, kwenye vipakiti vya Kenya na Uganda au kwenye kidonge cha Maggi, na unga wa zamani hauna cha kutoa jiweni. Hapo ndipo pilau ya Goma inapopungukiwa, na anayetaka kuiponya hana haja ya chombo kigeni. Anahitaji muuza viungo vizima sokoni. Kinu na mchi tunavyo.

Safari ya kurudi nayo haina budi kutajwa. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda Agosti 1972 na kuwapa siku 90, na wengine wa Kenya walipokuwa wameshaanza kuondoka kabla yao, walipeleka Uingereza jiko ambalo si la Gujarat tena. Barabara ya Ealing, Wembley, ina mkahawa wa Maru's Bhajia uliofunguliwa 1976 na familia iliyokuwa Nairobi, na kinachouzwa ni bajia za viazi, mtindo wa Nairobi. Mihogo ya kukaanga na pilipili iko kwenye orodha za migahawa ya Wahindi wa London kwa jina la mogo. Kuku wa kupaka wa pwani yupo. Hawa walibeba miti ya kusukumia na makopo ya masala, lakini moto wao ulikuwa gesi ya bomba, na kwa hiyo roti yao ilirudi kuvimba juu ya moto kama ya bibi zao, jambo ambalo makala ya Mapendo hayaruhusu bila majivu.

Nimekiacha makusudi chombo kimoja mpaka sasa, sufuria ya presha, kwa sababu ndicho kinachopingana na yote niliyosema. India iliikumbatia kuliko karibu nchi yoyote. Hawkins wa Mumbai walianza kuitengeneza 1959, na mfuniko wao hufungia kwa ndani, hivyo mvuke wenyewe huubana na haufunguki mpaka presha ishuke. Nyumba za kawaida za mijini zilibadilika: mapishi ya dengu siku hizi hayaandikwi kwa dakika, huandikwa kwa filimbi. Filimbi tatu kwa dengu nyekundu, sita au saba kwa maharagwe mekundu yaliyolowekwa. Mama anaweza kuwa chumba cha pili akihesabu.

Hakuna mji unaostahili chombo hiki kuliko Goma. Tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye digrii 95, si 100. Digrii tano hizo ni chache kwa chai, lakini kwa maharagwe ni makala ya ziada kila siku. Maharagwe makavu yasiyolowekwa hukaa motoni saa mbili, wakati mwingine tatu. Ndani ya presha joto hufika karibu digrii 120, na kazi hiyo huisha chini ya saa moja. Na makala yetu si makala tu. Sehemu kubwa hutoka Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, kupitia biashara ambayo makundi yenye silaha yameila miaka mingi, na mauaji ya gorila wa familia ya Rugendo Julai 2007 yalihusishwa nayo. WWF imepanda miti ya makala kwa mradi wa EcoMakala, hifadhi imejenga kituo cha umeme wa maji cha Matebe cha megawati 13 hivi mwaka 2015, na mafundi wamesambaza mbabula zinazookoa makala. Vyote vizuri. Lakini vyote hushughulikia moto, na hakuna kilichogusa sufuria.

Kwa nini basi presha haikuja na chapati? Bei ni jibu la kwanza, na halitoshi, kwa sababu watu wa Mapendo hununua simu ghali kuliko sufuria. Makala hununuliwa kidogo kidogo, kwa chakula cha leo, na akiba inayopatikana kwa kupika haraka hutawanyika katika vijisehemu hivyo mpaka haionekani. Tangu M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufungwa, mkopo mdogo wa kununulia chombo umekuwa hadithi. Hofu ni jibu la pili: kila mtaa una kisa cha sufuria iliyopasuka. La tatu ni la kiufundi, na ndilo ninalolipa uzito. Presha hutaka moto mkali mpaka filimbi ya kwanza, kisha moto mdogo. Gesi hufanya hivyo kwa kidole. Mbabula haifanyi, mpishi lazima atoe makala kwa koleo au ainue sufuria yenye mvuke juu ya mawe yasiyotulia, watoto wakizunguka. Kwa mantiki yangu mwenyewe, chombo hiki kilikataliwa na moto, kama tandoor.

Ila kinatofautiana na tandoor mahali pamoja. Mpishi wa India vijijini naye alikuwa na kuni. Aliipata presha kabla ya kupata gesi, akajifunza kuitumia juu ya chulha ya udongo, na mpango wa gesi wa Ujjwala uliozinduliwa Mei 2016 na kugawa mitungi zaidi ya milioni 80 kufikia 2019 ulimkuta tayari anahesabu filimbi. Kilichomwezesha kule ni kitu kidogo: mpira wa mfuniko. Mpira huo hukakamaa baada ya miezi, mvuke huvuja, presha haipandi, na sufuria hugeuka sufuria ya kawaida yenye mfuniko mzito. Nchini India unauzwa kwenye duka lolote la vyombo kwa pesa ndogo, pamoja na kizito cha filimbi na vali ya usalama, na fundi wa kuubadili hukaa pembeni. Tanzania ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya kaya ifikapo 2034, ilizungumzia gesi, umeme na majiko. Mipira haikuwa habari kubwa.

Birere huuza vipuri vya pikipiki za Kihindi, TVS na Bajaj, mpaka skrubu moja moja, na fundi wa kuzifunga yuko mlangoni. Pikipiki hizo hazikuhitaji mradi wowote kuenea Goma. Mfanyabiashara atakayepanga mipira ya presha kwenye rafu moja na pleti za klachi ndiye atakayejua kama mama wa Mapendo aliiogopa sufuria au aliogopa kubaki nayo imekufa.